Ramani Iliyotoka Kibera

Mgeni akishuka Darajani na kuuliza nyumba ya mtu Ng'ambo, hajibiwi kwa nambari. Huambiwa ashike njia ya Mlandege, akifika penye mwembe akunje mkono wa kulia, apite msikiti, kisha aulize tena. Akiwa mgeni kweli, atafika mahali hapo na mwembe asiuone, kwani mwembe ulikatwa zamani na aliyemwelekeza anajua fika kwamba ulikatwa. Mwembeladu, Mwembetanga, Mwembeshauri, Mwembemakumbi, Miembeni: mji mzima umeandikwa kwa miti, na mingi katika miti hiyo haina hata kisiki. Hata hivyo barua hufika, posa hufika, na khabari ya msiba hufika kabla ya maiti kuoshwa.

Mnamo Februari 2022 ilizinduliwa Tanzania operesheni ya anwani za makazi, ikakimbizwa ili ikamilike kabla ya sensa ya watu na makazi ya Agosti 23 ya mwaka huo huo. Vibao vya majina ya barabara vikasimamishwa, nambari zikabandikwa juu ya milango, na mahali pa kila jengo pakaingizwa katika mfumo wa kompyuta ambao mtu huweza kuufungua kwenye simu yake. Visiwani vilevile. Kigali ilikuwa imetangulia kwa takriban muongo mmoja, na huko mitaa ya jiji ilipewa herufi kwa wilaya zake, KN ikiwa Nyarugenge, KG Gasabo, KK Kicukiro, kisha nambari. Ni utaratibu mzuri kwa dereva wa gari la wagonjwa. Kwa mtunga mashairi ni utaratibu mkavu, maana ni vigumu kumpata mtu atakayeililia KG 7 kama watu wanavyoililia Shangani.

Mambo haya yote siku hizi huwekwa chini ya jina moja, ambalo kwa Kiingereza ni sifa ya mji kuwa "smart". Hapo ndipo mfasiri anapokwama. Neno lenyewe Waswahili wanalo siku nyingi, nalo wamelifanya smati; ila smati wa Waswahili ni mtanashati, mtu aliyepigwa pasi, kofia imekaa sawa na kanzu haina kunyanzi. Mji smati kwa maana hiyo ni mji uliofagiliwa. Wengine wakasema mji janja, kwa kufuata simu janja iliyokwisha kukubalika. Lakini ujanja katika lugha hii ni wa Sungura, naye Sungura hana ngano hata moja ambamo ujanja wake haumgharimu mtu mwingine. Msomaji ajiulize mji ukiwa mjanja unamfanyia nani ujanja huo. Wapo waliopendelea mji werevu, na wapo waliokimbilia mji wa kidijitali, ambao haumuudhi mtu na hauelezi kitu.

Ajabu ni kwamba Afrika Mashariki ilikuwa na mji wa akili kabla ya mashine hizi. Dar es Salaam iliitwa Bongo na watu wake wenyewe, kwa sababu asiye na bongo hakai pale hata wiki. Jina lile, kwa mzaha wake wote, liliiweka akili mahali maalumu: katika kichwa cha mkaazi. Mji ulikuwa mgumu, na mtu ndiye aliyelazimika kuwa mwerevu. Sera mpya inageuza mambo, inataka akili ihamie kwenye mji, katika taa za barabarani, kamera, kadi za nauli na sajili za majengo, ili mtu apumzike. Swali ambalo halisikiki sana katika hotuba za uzinduzi ni kama akili hiyo inapohama kutoka kichwa cha mtu hubaki kuwa mali yake.

Visiwa hivi havikuanza jana kupokea akili za watu wengine juu ya mji. Mwaka 1923 ulichapishwa mpango wa mji wa Zanzibar wa Henry Lanchester, msanifu wa Kiingereza aliyekuwa amefanya kazi India. Mwaka 1958 ukaja mpango wa Henry Kendall na mwenzake Mill. Na Kendall huyo alikuwa mpangamiji wa Uganda, kwa hivyo fikra zilizokwisha kujaribiwa Kampala zikavuka ziwa na nyika na bahari hadi Ng'ambo. Baada ya Mapinduzi wakaja wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki na mpango wa 1968, ambao ndio uliozaa yale majumba marefu ya Michenzani yanayokatana penye mzunguko, na kwa ajili yake nyumba za udongo za watu zikaporomoshwa. Mwaka 1982 ukawa zamu ya Wachina. Kila mpango ulikuwa na lugha yake ya usafi, hewa, nuru na maendeleo, na kila mmoja uliiangalia Ng'ambo kama ukurasa mweupe uliosahauliwa na mwandishi. Ilhali palikuwa pamejaa maandishi. Wasomaji ndio waliokuwa hawajui hati.

Sera za mji werevu katika eneo hili zimesafiri kwa njia mbili, na njia hizo hazifanani.

Ya kwanza ni ya kumbi za mikutano. Kenya, katika dira yake ya 2030, iliidhinisha mwaka 2008 kujengwa mji mpya wa teknolojia Konza, kwenye ekari 5,000 za nyika, kiasi cha kilomita 60 kutoka Nairobi katika njia ya Mombasa. Rais Mwai Kibaki aliweka jiwe la msingi Januari 2013. Oktoba ya mwaka huo huo marais walikutana Kigali, na nchi saba, Rwanda, Kenya, Uganda, Sudan Kusini, Mali, Gabon na Burkina Faso, zikaikubali ilani iliyoitwa Smart Africa. Januari 2014 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaiunga mkono mjini Addis Ababa. Rwanda ikakabidhiwa sehemu ya miji, na mwaka 2017 ukatolewa mwongozo wa namna ya kuijenga. Ndivyo mwongozo unavyosafiri: waziri humwona jirani yake amepigiwa makofi, hurudi nyumbani akauliza kwa nini kwao hakuna kitu kama kile.

Majina nayo husafiri pamoja. Wamarekani walikuwa na bonde lao la California lililobandikwa jina la silikoni, kwa sababu pale palitengenezwa vile vijipande vya kompyuta. Nairobi ikajiita Savana ya Silikoni. Agosti 2022, Wizara ya uwekezaji ya Zanzibar pamoja na Wasoko, kampuni ya biashara iliyokulia Nairobi, wakatangaza Silicon Zanzibar, makao yake yakiwa Fumba. Jina limehama kutoka bonde hadi nyika, na kutoka nyika hadi pwani, na silikoni yenyewe haikushushwa bandari yoyote kati ya hizo. Silikoni hutokana na mchanga, naam. Lakini Unguja hata mchanga wa kujengea nyumba serikali imelazimika kuudhibiti kwa uchache wake. Konza, zaidi ya miaka 10 baada ya lile jiwe, barabara na mabomba yalikuwa yametangulia, watu wakiwa bado ni wachache. Huenda watakuja. Miji mingi mikongwe ilianza kwa watu kisha ikatafuta mitaro, na hakuna aliyeandika kwamba kinyume chake hakiwezekani.

Njia hii ina tabia ya kusahau. Visiwa hivi vilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Rwanda ikapitisha sheria yake 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania Bara Juni 2019. Mtu akitaja leo usafi wa miji, ulimi huenda moja kwa moja Kigali. Kigali inastahili sifa, hilo halina ubishi; lakini sera huhesabiwa kuwa imezaliwa pale ilipopigiwa picha.

Na tabia ya pili ya njia hii ni kudhani kwamba kitu kilichoota kwa jirani kitaota popote. Mfano ulio wazi ni kadi ya nauli. Nairobi ilijaribu mapema: mwaka 2013 kampuni ya Google na benki ya Equity zilileta kadi ya kulipia matatu, na 2014 serikali ikaamuru nauli zote zilipwe bila ya fedha taslimu. Amri haikushika, na kadi ile ikafa. Kigali ilianza Desemba 2015, baada ya Nairobi kushindwa, na ikafanikiwa. Si kwamba Wanyarwanda ni watu wa kadi na Wakenya ni watu wa noti. Kigali ilikuwa imekwisha kuyagawa maeneo ya usafiri, mwaka 2013, kwa kampuni na vyama vichache vyenye mikataba na jiji. Mwenye basi alitaka kujua fedha yake imeingia kiasi gani, na dereva alikuwa na mshahara. Nairobi matatu ni mali ya maelfu ya watu, na noti iliyo mkononi mwa makanga ndiyo inayolipa mafuta, chakula cha mchana, vijana wa stendi, na mkono wa anayesimamisha gari njiani. Kadi ingeziweka fedha hizo zote mahali pamoja mwisho wa siku, na wale wote waliokuwa wakila njiani wangelala na njaa. Walikataa, na kukataa kwao kulikuwa na akili timamu, hata kama si akili ya kupendeza. Dar es Salaam nayo, mabasi yaendayo kasi yalipoanza Mei 2016 kwa mfano uliotoka Amerika ya Kusini, kadi zilikuja, zikatoweka, tiketi za karatasi zikatawala kwa miaka, hata kadi zikarudi kwa jina jingine. Amri husafiri kwa siku moja kwa ndege. Mikataba ya madereva haipandi ndege.

Njia ya pili ni ya miguu, nayo haina ilani wala marais.

Kibera ni jina lenye asili ya Kinubi, kibra, yaani msitu. Askari wa Kinubi walipewa eneo lile na Waingereza mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 2009 msitu huo ulikuwa na maelfu kwa maelfu ya watu, maduka, skuli, makanisa, misikiti, vyoo vya kulipia, na katika ramani palikuwa patupu. Mwishoni mwa mwaka huo vijana wa Kibera wenyewe, wakisaidiwa na wageni wawili waliokuwa na ujuzi wa ramani, walitembea vichochoro vyao wakiwa na vifaa vidogo vya kupokea ishara za setilaiti, wakaandika kila walichokiona, na kukipandisha katika ramani ya dunia iliyo wazi kwa kila mtu. Wakaandika mahali pa maji. Wakaandika pasipo na taa usiku. Jambo hilo la mwisho lisingeweza kuandikwa na mtaalamu aliyeletwa, kwani mtaalamu hukaa Kibera mchana.

Mwaka 2011 fikra hiyo ilivuka mpaka. Haikupitia Namanga kwa itifaki. Waliokwisha kuifanya Kibera walikwenda Dar es Salaam, wakakaa na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakaazi wa Tandale, wakatembea nao. Tandale walikuta si Kibera. Kero kubwa ya wakaazi ilikuwa ni maji yanayokuja bila ya kuitwa, kwani mtaa uko bondeni na mitaro imejaa taka. Basi ramani ikabadilika ili ifanane na kero, ikawa ni ramani ya mitaro, majaa na madimbwi. Desemba ya mwaka huo huo Dar es Salaam ilipata mafuriko yaliyoua watu kadhaa na kuzihamisha familia kutoka bondeni hadi Mabwepande. Mwaka 2015 kazi ikapanuliwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia, vyuo na Msalaba Mwekundu, ikaenea Kigogo, Buguruni, Mchikichini na kata nyinginezo, wanafunzi na wazee wa mitaa wakiinama pamoja juu ya karatasi moja. Ikapewa jina la Ramani Huria. Katika istilahi zote za mji werevu zilizozunguka eneo hili, hii ndiyo ambayo mfasiri hakuhitaji kuigusa, kwa sababu ilizaliwa ikiwa ya Kiswahili.

Mwaka uliofuata ikavuka mkondo wa Zanzibar, na hapa ikabadilika tena, ikaota mbawa. Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wakiwa na wenzao wa Bara na Benki ya Dunia, waliamua kuvipiga picha kutoka angani visiwa vyote viwili kwa droni, ambazo baadhi ya watu huziita ndege nyuki. Jina hilo limesadifu: zilizotumika ni za povu jepesi, hazifiki kilo moja, na kwa watengenezaji wake zinaitwa nyuki. Vijana wa chuo walizirusha kwa mkono kama mtu anayemwachia njiwa. Zilifunika zaidi ya kilomita za mraba 2,300, Unguja na Pemba, shamba na mji, kwa picha ambazo ndani yake mtu anaweza kuhesabu minazi ya jirani. Ramani za zamani zilikuwa zimechakaa, na kuzichora upya kwa ndege kubwa kungegharimu fedha ambazo serikali haikuwa nazo. Vijana waliofundishwa hapa walibaki na ujuzi wao. Na hilo ni tofauti kubwa na mipango ya 1923, 1958, 1968 na 1982, ambayo ilipoondoka iliondoka na waliojua kuisoma.

Ni rahisi, baada ya kusema haya, kuisifu njia ya miguu na kuikejeli njia ya kumbi. Mambo hayakukaa hivyo.

Kwani kuonekana kuna bei. Desemba 2015, katika mwaka ule ule wa Ramani Huria, nyumba za bonde la Msimbazi ziliandikwa alama ya X kwa rangi nyekundu kisha zikabomolewa, watu wakiwa wamesimama juu ya mabati yao. Ramani ya vijana haikubomoa nyumba. Bomoabomoa ilikuwa na mamlaka yake na sheria zake, nazo zimeitangulia ramani. Lakini anayeishi bondeni hajali sana kalamu ipi ni ya nani. Mtu aliyeombwa aonyeshe maji yalifika wapi ukutani mwake ameonyesha wakati huo huo kwamba nyumba yake imo katika njia ya maji. Alichokisema kama mashitaka kinaweza kusomwa kama ungamo. Ramani ya Kibera ilianza kwa hoja kwamba asiyeonekana hasaidiwi, na hoja hiyo ni ya kweli. Wenyeji wa Msimbazi wangeweza kuongeza kwamba asiyeonekana havunjiwi, na hawangekuwa waongo.

Watu wa visiwa hivi wanaijua khabari hii kwa sura yao wenyewe, nayo ina jina: sheha. Kabla ya mfumo wowote wa kompyuta, sheha ndiye aliyekuwa sajili ya mtaa. Anajua nani amehamia, nani amesafiri, nyumba ipi ina wagonjwa, mtoto yupi ni wa nani. Hiyo ni akili ya mji kwa maana kamili ya neno. Na kwa kuwa sheha ndiye anayethibitisha ukaazi, na ukaazi ndio unaofungua mlango wa kitambulisho na daftari la wapigakura, ugomvi mwingi wa uchaguzi Zanzibar umepita mlangoni mwake. Mji unaomjua mtu vizuri unaweza pia kukataa kumjua. Sasa ujuzi huo unahamishwa kutoka kwenye daftari la sheha na kuingizwa katika mtambo, na watetezi wa mtambo husema kwamba mtambo hauna upendeleo. Pengine. Sheha angalau ana baraza, na mtu aliyedhulumiwa anaweza kwenda kumkalia pale mpaka aone haya.

Majirani wamekopeshana mengi katika miaka hii, na mikopo hiyo haijakwisha. Kinachostahili kuangaliwa ni kila kitu kinapofika kinamkuta nani akikisubiri. Ramani ilipofika Tandale iliwakuta watu wenye la kusema juu ya mitaro. Kadi ilipofika Nairobi ilimkuta makanga, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. Kibao cha anwani kilipofika Ng'ambo kilimkuta mzee barazani, na katika mitaa mingine aliulizwa jina la njia yake, katika mingine alikiona kibao asubuhi.

Droni haikuziona baraza. Kutoka juu huonekana bati, na baraza zimo chini ya upenu, kwa hivyo katika picha ile safi kupita zote zilizowahi kupigwa Zanzibar, mahali ambapo mji huzungumza hapamo. Majina pia hayakuonekana kutoka juu. Ilibidi mtu ashuke na kuuliza, na aliyeuliza aliandika kama alivyosikia. Ndiyo maana upo mtaa ambao kwenye orodha moja ni Kwaalinatu, kwenye nyingine ni Kwaalinato, na kwa wazee unatamkwa kwa pumziko dogo katikati, Kwa Ali Natu, kama jina la mtu mwenye nyumba ambaye yuko ndani. Mfumo unataka tahajia moja, na una haki ya kuitaka. Jioni utingo wa daladala hugonga ubavu wa gari mara mbili na kuita "Alinatu!", na wanaoshuka hapo hushuka.